Anayemnyoosha Mama Viungo, Je, Ana Leseni?

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkazi wa Igoma, katika mtaa mmojawapo kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Umezoea kuamka alfajiri, kunywa chai ya haraka na kuiwahi daladala ya kwenda kazini Nyakato au mjini. Asubuhi moja, kabla hujafika kituoni, mtoto anakuja mbio nyuma yako: bibi ameanguka uani. Unarudi na kumkuta mama yako mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, mguu haumbebi, na maneno hayamtoki. Mnamkimbiza hospitali, na huko mnaambiwa kwamba ni kiharusi.

Siku zinapita. Mama anaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo mnamshukuru Mungu. Mkononi mnayo kadi ya kliniki inayosema arudi kwa ajili ya fiziotherapia, yaani ile tiba ya viungo ambayo wengi wetu huiita "mazoezi" tu. Lakini Bugando iko juu ya kilima chake kule mjini, gari la kumpeleka na kumrudisha mgonjwa asiyeweza kusimama lina gharama yake, na wewe huwezi kuomba ruhusa kazini kila siku.

Jioni anakuja jirani mwema, amefuatana na mtu mwenye mkoba. "Shikamoo mama," anasema yule mgeni kwa adabu, kisha anawageukia nyinyi. Anasema amewanyoosha wengi, Buzuruga hata Kisesa, na leo wanatembea. Anahitaji mafuta ya kuchulia, maji ya moto, na malipo kidogo kwa kila siku. Atakuja hapa hapa nyumbani. Mama anakutazama. Hawezi kusema ndiyo wala hapana. Ni wewe wa kujibu.

Makala haya yanahusu jibu hilo. Yanahusu pia kijana wako aliyemaliza kidato cha nne, aliyesimama mlangoni akitazama yote hayo na kujiuliza kama kazi ile ya kuwainua watu ingeweza kuwa kazi yake. Wote wawili, wewe na yeye, mnahitaji kujua jambo moja: leseni ya fiziotherapia ni kitu gani, na mtu huipataje.

MKONO MWEMA UNAWEZA KUDHURU

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kukanda hakuna madhara. Bibi alitukanda tulipoteguka, na tukapona. Kwa nini basi serikali ijihusishe na mtu anayekanda?

Jibu limo katika mwili wenyewe. Chukua bega la mgonjwa wa kiharusi. Bega hushikiliwa mahali pake kwa sehemu kubwa na misuli inayolizunguka. Misuli hiyo inapopooza, mkono huning'inia kwa uzito wake, na kichwa cha mfupa huanza kuteleza kutoka katika kiungo. Anayemwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huo, au kuuzungusha kwa nguvu "ili damu itembee", huweza kulitegua bega kabisa. Maumivu yake huweza kudumu miezi mingi, na mgonjwa mwenye maumivu hukataa mazoezi. Hapo ndipo nafasi ya kupona inapopotea.

Chukua mguu wa mtu aliyelala kitandani muda mrefu. Ukiuona umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, huenda ndani ya mshipa kuna damu iliyoganda. Kuuchua mguu huo ni hatari kubwa, kwani bonge la damu likichomoka huweza kusafiri hadi mapafuni na kuua kwa muda mfupi.

Chukua mgongo. Kijana analalamika mgongo kwa miezi kadhaa, anapungua uzito, usiku anatoka jasho. Anayejua atashuku kifua kikuu cha uti wa mgongo, na atampeleka kwa daktari kabla ya kumgusa. Asiyejua atamlaza kifudifudi na kuukandamiza ule mgongo. Pingili zilizokwisha kuliwa na ugonjwa zikivunjika, kijana aliyeingia akitembea huweza kutoka amebebwa.

Hali kadhalika kiwiko cha mtoto aliyevunjika. Kukichua kwa nguvu huweza kukifanya kikakamae, na kukifunga kwa vijiti vilivyobanwa mno huweza kuzuia damu hata vidole vikafa.

Katika mifano yote hiyo, ndugu msomaji, huyo aliyekanda hakuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni kujua lini asishike. Elimu hiyo haionekani kwa macho. Mtu hawezi kuionyesha kwa wema wa uso wala kwa nguvu za vidole. Ndiyo maana mataifa yalitafuta njia ya kuithibitisha kwa niaba ya mgonjwa, na njia hiyo ikaitwa usajili na leseni.

AIBU ILIYOZAA MTIHANI

Historia ya jambo hili ina funzo kwetu. Mwaka 1894, jarida la chama cha madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba nyumba nyingi za kukanda mjini London zilikuwa za udanganyifu. Nyingine zilitoa vyeti visivyo na maana kwa wanawake waliofundishwa kidogo mno, na nyingine zilikuwa madanguro yaliyojificha nyuma ya jina la tiba. Wakandaji waliokuwa wakifanya kazi halali hospitalini wakajikuta wanatazamwa kwa jicho moja na walaghai.

Wauguzi na wakunga wanne wanawake, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, hawakukaa kulalamika. Mwaka huo huo walianzisha chama cha wakandaji waliofunzwa. Waliweka mtihani, wakaandika daftari la majina ya waliofaulu, na wakajiwekea masharti makali: kutokumtibu mtu pasipo maelekezo ya daktari, na kutokujitangaza ovyo magazetini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta maelfu ya majeruhi, jeshi lilijua ni nani wa kuwategemea. Mwaka 1920 chama hicho kikapewa hati ya kifalme, na kutoka humo ndipo kilipotokea chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza cha leo.

Angalia mpango wa mambo hayo. Kwanza mafunzo, kisha mtihani, kisha daftari la majina, kisha masharti ya maadili, na aliyekiuka kufutwa. Nchi nyingi zimefuata ngazi hizo hizo. Huko Marekani, kwa mfano, kila jimbo hutoa leseni yake, na hakuna anayeipata bila kufaulu mtihani wa taifa zima. Mwenye leseni ya jimbo moja hana ruhusa ya kwenda jimbo jingine kuanza kutibu kana kwamba yuko kwake.

NJIA YA KIJANA WA IGOMA

Sasa tumrudie yule kijana aliyesimama mlangoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Naye hapana budi ajue jinsi chombo hiki kinavyoundwa.

Msingi huwekwa shule ya sekondari. Masomo ya Baiolojia, Kemia na Fizikia ndiyo ufunguo wa mlango. Anayeyadharau akiwa kidato cha pili atayajutia akiwa kidato cha nne. Fizikia huwashangaza wengi. Je, kuna uhusiano gani kati ya mkono uliopooza na hesabu za nyenzo? Uhusiano upo: mfupa ni nyenzo, kiungo ni egemeo, na msuli ni nguvu. Mtaalamu huyapima hayo kila anapomfundisha mgonjwa kuinuka kitini.

Hatua ya pili ni chuo kinachotambuliwa. Hapa nchini, jina la kwanza kutajwa katika fani hii ni KCMC ya Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro. Shule yake ya fiziotherapia imekuwa ikitoa wataalamu wa ngazi ya stashahada tangu miaka ya 1970. Baadaye, katika chuo kikuu kilichoanzishwa hapo hapo mwaka 1997, ikawezekana kusoma hadi shahada. Kwa kijana wa Mwanza hiyo ni safari ya kutwa nzima kwa basi, kupitia Shinyanga na Singida, na mzazi ajiandae kwa nauli na matumizi. Lakini kabla ya kulipa ada katika chuo chochote, awe mwangalifu: vyuo vya stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na vyuo vikuu na Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo kisichotambuliwa na msimamizi wake hutoa cheti kisichofungua mlango wa usajili, hata kikiwa na muhuri wa kung'aa.

Stashahada huchukua miaka mitatu. Humo kijana husoma umbile la mwili, kuanzia mfupa hadi neva. Husoma jinsi mwili unavyofanya kazi, na magonjwa yanavyouharibu. Kisha huingia wodini na kliniki chini ya macho ya walimu. Humhudumia mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo haijakaza, mwendesha bodaboda aliyevunjika paja, mama aliyeungua, mzee ambaye mapafu yamejaa makohozi baada ya upasuaji. Watu hudhani kazi hii ni ya miguu na mikono peke yake, kumbe hata kupumua hufundishwa.

Hatua ya tatu ndiyo leseni yenyewe. Kwa upande wa Tanzania Bara, Bunge lilipitisha mwaka 2017 Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi. Kwa sheria hiyo, wataalamu wa afya shirikishi, wakiwamo wa fiziotherapia, wamo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mhitimu hupeleka vyeti vyake kwa Msajili wa Baraza, vikathibitishwa, na jina lake likaandikwa kwa kadiri ya kiwango cha elimu yake. Aliyesoma nje ya nchi hapana budi vyeti vyake vipimwe kwanza na mamlaka za elimu za hapa. Kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa mbele ya sheria.

Hatua ya nne haina mwisho. Usajili humwingiza mtu katika daftari, lakini leseni ya kufanya kazi huhuishwa mara kwa mara, na anayeihuisha hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Si usumbufu wa karani. Elimu ya tiba hubadilika. Zamani mgonjwa wa kiharusi aliachwa alale majuma mengi "apumzike". Leo yajulikana kwamba kumkalisha na kumsimamisha mapema, mara hali yake inaporuhusu, humsaidia zaidi. Zamani mtoto aliyezaliwa na nyayo za kifundo alisubiri kisu; leo wengi hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa njia iliyoasisiwa na daktari Ignacio Ponseti. Aliyefunga vitabu siku ya mahafali atawatibu wajukuu zetu kwa elimu ya babu zao.

LESENI INA MPAKA WAKE

Barabara ipitayo Igoma haiishii Musoma. Huendelea hadi Sirari, na ng'ambo yake ni Kenya. Kijana mwenye stashahada huweza kufikiri kwamba karatasi yake itamvusha kama kitambulisho. La hasha. Kenya ilitunga sheria yake ya wataalamu wa fiziotherapia mwaka 2014 na kuwaundia baraza lao wenyewe. Uganda, upande wa pili wa ziwa letu, iliwaweka wataalamu wa afya shirikishi chini ya baraza tangu sheria yake ya mwaka 1996. Anayevuka mpaka kwenda kutibu hana budi kubisha hodi katika baraza la huko, kama vile wa huko wanavyopaswa kubisha hodi hapa kwetu.

Mpaka mwingine uko kati ya fani na fani. Wapo waganga wa jadi wanaounga mifupa, na makala haya hayakuandikwa kuwadharau. Wao nao wana sheria yao ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lenye daftari lake. Lakini aliyesajiliwa huku hana haki ya kujiita mtaalamu wa fiziotherapia, na anayejiita hivyo bila kuwa katika daftari lolote hana hata mahali pa kushtakiwa kitaaluma akikosea. Hilo ndilo jambo la kuzingatia. Mwenye leseni akikudhuru kwa uzembe, una pa kwenda: Baraza linaweza kumwita, kumhoji na kumfuta. Yule asiye nayo akikudhuru, utabaki wewe na majuto, na jirani aliyemleta atakuwa na aibu ya kukutazama.

MASWALI YA KUULIZA

Basi turudi nyumbani kwako, yule mgeni angali ameketi na mkoba wake. Usimfukuze, wala usimtukane. Mwambie kwa heshima, "Karibu ndugu. Kabla hujaanza, naomba kuuliza."

Muulize amesoma chuo gani, na fani gani hasa. Muulize jina lake kamili kama lilivyo katika usajili, na leseni yake ni ya mwaka gani. Mtaalamu wa kweli haoni haya kuitoa, kwa kuwa ameitolea jasho. Ukiwa na mashaka, ulizia jina hilo kwa Baraza au katika idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa. Tazama kama na yeye anakuuliza wewe: mama ana shinikizo la damu? Ana kisukari? Anatumia dawa gani? Karatasi ya hospitali iko wapi? Ambaye haulizi neno na anakimbilia mafuta hajui anachokwenda kukigusa. Na mwisho, sikiliza ahadi zake. Anayesema mama atatembea baada ya siku saba hasemi kweli, maana hakuna aliyesoma fani hii anayeweza kujua hivyo.

Kuuliza si ujinga, wala si kukosa adabu. Unamsemea asiyeweza kusema.

SEHEMU YAKO WEWE

Usidhani kwamba leseni ya mtu mwingine inakuondolea wajibu. Mtaalamu humwona mgonjwa kwa nusu saa, pengine mara mbili kwa juma. Saa zote zilizobaki ni zenu. Sehemu kubwa ya nafuu baada ya kiharusi huja katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo kila juma linalopita bila mazoezi lina hasara yake.

Kama safari za mjini ni nzito, mweleze mtaalamu waziwazi siku ya kwanza. Mwombe akupangie siku chache unazoziweza, na akufundishe ya kufanya nyumbani, wewe na yeyote anayeshinda na mgonjwa. Mrudie mbele yake yale aliyowaonyesha, hadi aridhike. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Mkono uliopooza uwekewe mto chini yake, wala asiinuliwe kwa kuvutwa mkono huo. Anapoweza kuketi, aketi kula pamoja na watu. Na kile anachoweza kukifanya mwenyewe, hata kwa shida, msimfanyie. Kumhurumia mno kwa kumlisha kijiko wakati mkono mmoja ungali mzima ni kumnyima mazoezi.

WANAIGOMA WANAJUA

Wasomaji wa mbali huijua Igoma kwa jambo moja la majonzi. Hapo ndipo walipozikwa wengi wa wahanga wa meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Wasafiri wale hawakuwa na njia ya kuipima meli. Waliamini, kama kila abiria anavyoamini, kwamba yuko mtu mwenye wajibu aliyekwisha kuhesabu na kukagua kwa niaba yao.

Mgonjwa naye ni abiria. Amelala, hana uwezo wa kumpima anayemshika. Leseni ni alama kwamba kuna aliyekagua. Na ukaguzi hauna maana kama sisi wenyewe tunaona haya kuuliza matokeo yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jioni ile mgeni akishindwa kujibu, mshukuru kwa kufika, umsindikize hadi njiani, na kesho yake utafute gari la kwenda kliniki. Kisha mwite yule kijana aliyekuwa mlangoni, umketishe karibu na bibi yake, na umwonyeshe namna ya kuuweka ule mto chini ya mkono. Huenda hilo likawa somo lake la kwanza. Mengine yatamsubiri chuoni, na jina lake, akijitahidi, litaandikwa siku moja katika daftari ambalo mtoto wa mwenzako atakwenda kuliuliza.